Tusajigwe arudisha kwa miguu ramani zilizofungwa na wadukuzi

Umande bado umelowesha mikakao, na Tusajigwe Mwambungu anatembea polepole kando ya shamba, simu mkononi. Kwenye kila kona anasimama, anaisubiri simu inase alama ya mahali, kisha anasonga mbele.

Mwanamke huyu ni karani wa kikundi cha wakulima wa kakao hapa Bujonde, wilayani Kyela. Ramani anayochora leo alishaichora miaka mitatu iliyopita. Wadukuzi wakaifunga.

Alifungua barua pepe iliyofanana na ankara ya magunia. Kesho yake hakuna faili lililofunguka, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maandishi ya kudai fedha. Viongozi wa kikundi wakakataa kulipa.

"Diski ya akiba nilikuwa nayo, lakini niliiacha imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Nayo ikafungwa," anasema. "Nililia, mwandishi. Halafu nikavaa mabuti."

Fundi kutoka Mbeya aliokoa majina ya wanachama kwenye barua pepe za zamani. Ramani za mashamba zaidi ya mia mbili hazikupatikana. Bila ramani, shamba haliingii kwenye cheti cha kilimo hai, na kakao yake huuzwa kwa bei ya chini. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Shamba lenye mgogoro wa mpaka wataliruka.

Hiyo ndiyo hofu ya Atuganile, mjane mwenye shamba hili, anayesomesha watoto kwa kakao. Tangu ramani zipotee, shemeji yake, Yakobo, anadai mikakao kadhaa ya pembeni ni yake.

Tusajigwe habishani naye. Ana utaratibu wake: anayedai mpaka hutangulia, majirani hufuata.

"Haya baba, tuongoze. Tembea mpaka wako."

Yakobo anaondoka kwa mwendo wa kibabe. Anapokaribia mikakao ile, anakutana na mstari wa masale, yale majani ya mpaka aliyoyapanda marehemu baba yake. Anasimama.

"Ruka basi, tunakungoja!" anatania jirani yao, Nelson. "Au unamwogopa mzee?"

Watu wanacheka. Yakobo naye anacheka kidogo, anatikisa kichwa, kisha anageuka na kuyafuata masale hadi mwisho.

"Andika hivyo," anamwambia Tusajigwe. "Shemeji asije akanisema kanisani."

"Ndaga fijo," Atuganile anashukuru kwa Kinyakyusa.

Kwa kazi hii Tusajigwe hulipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Mabuti alijinunulia. Yamebaki mashamba machache, mengi yakiwa upande wa mto, na ana imani atawawahi wakaguzi.

Sasa diski ya akiba anaichomoa kila jioni na kuifungia mbali na ofisi. Mpango wake ni kuchapisha ramani zote, kila mkulima aitundike yake ukutani, kando ya picha ya harusi.

"Wakirudi wale wezi, itabidi wapite nyumba kwa nyumba wakipiga hodi," anasema.

"Waje tu," anadakia Atuganile. "Kwangu watakuta mbwa."