Mfanya Kiinimacho Aliyemwita Mjukuu Wangu

Tulikuwa watu wanne, na sote tuko hai: mimi, binti yangu Nekesa ambaye ni nesi, mtoto wake Nafula, wakati huo wa miaka saba, na Mama Furaha, Mkongo jirani yetu wa mtaa wa Alief, huku Texas, aliyetubeba kwa gari lake. Ukidhani natunga, waulize.

Tulikwenda ukumbi mmoja katika mji wa Sugar Land kutazama filamu ya mfanya kiinimacho. Mwenye filamu, Bwana Ray, alitueleza kwamba aliipiga kwa kamera mbili zilizokaa sambamba kama macho, na kwamba mfanya kiinimacho mwenyewe alifariki kabla haijaisha. Akatugawia miwani ya karatasi, jicho moja jekundu, jingine la buluu. Ukiivaa, mtu anatoka ukutani mzima mzima. Mama Furaha alikwepa njiwa wa filamu akamwaga bisi zake zote, Nekesa akamcheka mpaka machozi.

Ghafla yule marehemu akatugeukia. Akasema, "Nafula." Niamini, alilitamka kama sisi wa Bungoma. Mzungu huyo, tena marehemu, alilijulia wapi?

Kwetu ukiitwa na usiyemjua, huitiki mara ya kwanza. Binadamu ataita tena. Kisicho binadamu kina nafasi moja tu. Lakini Nafula amezaliwa Texas, nani alimfunza? Aliitika palepale, kwa Kiingereza, akasimama. Mkono wake wa kulia ukatoka ukutani, ukapita juu ya viti, ukamshika. Vidole vya mtoto vikaanza kupitisha mwanga.

"Kukhu, ananivuta," akaniambia. Kukhu ndiyo bibi kwetu.

Nikang'oa miwani yake na yangu. Yule jamaa akawa wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, bapa kama karatasi, lakini mkono haukuachia.

Nikamwambia, "Mtoto ana faida gani? Niite mimi."

Tamaa ikamponza. Akaita jina langu, lote, na la baba yangu. Nikanyamaza, na nafasi yake ikaishia hapo. Mkono ukalegea, ukarudi ukutani mtupu. Mama Furaha akapiga vigelegele, na ukumbi mzima ukashangilia ukidhani ni mchezo.

Filamu ile bado inaonyeshwa. Nekesa alirudi kuhakikisha: marehemu haiti mtu, na mkono wake wa kulia hautoki mfukoni. Nafula sasa ni mkubwa, na hata mama yake humwita mara mbili.

Nawe ukisikia jina lako likitoka ukutani, nyamaza kwanza. Na kama nimekosea jina la mtu au mahali, mliokuwepo nisahihisheni.