Shahidi Asiyenitazama

Siku vita vilipoanza Khartoum, mume wangu Ambakisye alikuwa anamsuka binti yetu Atupele, na alikuwa anaharibu. Nilimwambia fundi wa jenereta kama yeye akashike spana zake, nywele zina wenyewe. Akacheka, akavaa kandambili, akatoka kununua mkate.

Mlio wa kwanza nilidhani ni radi.

Wa pili uliangusha vioo vya dirisha.

Hakurudi. Mtu aliyekuwa naye kwenye foleni ndiye aliyeniletea habari, na barabara haikupitika hata kwenda kumzika. Baadaye nyumba nayo ikaungua na vyeti vyetu vyote. Tukapanda basi la wakimbizi mpaka Ethiopia, ubalozi wetu ukatupa hati za muda za safari. Kwenye ya Atupele, aliyezaliwa ugenini, sehemu ya uraia waliandika: haujathibitishwa.

Basi tukafika Tanzania, kijijini Ikuti kwa wakwe zangu, nikidhani vita vimekwisha. Thubutu! Hati ya mtoto ilikuwa inakaribia kuisha muda, na afisa uhamiaji pale Tukuyu aliniambia bila kupepesa macho kwamba ikiisha, Atupele atakuwa mgeni asiye na kibali. Arudishwe wapi sasa, kwenye mabomu? Alitaka shahidi wa ukoo. Wazazi wangu na mama mkwe walishafariki, akabaki baba mkwe.

Hapo ndipo penye kazi. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akitokea njiani, mimi naingia migombani. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Wengine siku hizi wameacha, lakini mzee wetu, weee! Hata picha ya harusi yetu aliigeuza ikatazama ukuta.

Tulikwenda mjini kwa bodaboda mbili, yeye mbele na mjukuu, mimi nyuma sana. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yake. Ofisini nilikaa kwenye kiti cha kona, nimefungua mwavuli na kuushusha mpaka mabegani. Mzee alisimama mlangoni, ametupa mgongo. Afisa, kijana wa Tanga aliyehamishiwa kwetu karibuni, alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama, hapa ndani hapavuji."

"Najua, afande."

"Haya. Mzee, huyu mama unamfahamu?"

"Sijawahi kumwona."

Nilitamani kumchapa na huo mwavuli. Afisa akaweka kalamu chini. "Sasa mtoto nitamwandikaje mjukuu wako, na mama yake humjui?"

"Nimesema sijamwona!" mzee akafoka, macho yakiwa uwanjani. "Kumjua namjua. Kikohozi chake nakijua, hatua zake nazijua, na akigombeza kuku jikoni namsikia. Angekuwa mke wa mtu baki ningegeuka sasa hivi nimtazame mpaka nichoke. Simtazami kwa kuwa ni mke wa mwanangu. Unataka ushahidi gani tena?"

Karani wa meza ya pili, mama wa Kinyakyusa wa pale Makandana, alikuwa ameinamia meza kwa kicheko. "Bosi, andika tu," akasema. "Mtu baki, huyu mzee hawezi kumkimbia hivyo." Afisa naye akacheka mpaka akafuta macho. Akaichukua barua yetu ya serikali ya kijiji, akaanza kujaza.

"Jina la baba?"

"Ambakisye," nikajibu.

"Yu hai?"

Nikaushusha mwavuli mpaka magotini. Tangu tufike, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitamka jambo hilo mbele ya mzee. Yeye alikuwa akisema tu kwamba mwanawe amechelewa.

Mvua ikazidi kupiga bati.

Afisa akarudia swali.

"Andika marehemu," mzee akasema kule mlangoni. "Usimuulize yeye. Niulize mimi, mimi ndiye niliyemzaa."

Afisa akaandika, akagonga muhuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto ni Mtanzania, hakuna wa kumgusa. Nililia chini ya mwavuli bila haya. Mzee akalia mlangoni, mgongo wake bado umenielekea, na Atupele akawa anakimbia huku na huku kati yetu, hajui aanze kumbembeleza nani.