Shanga za Kiunoni Dirishani kwa Shangazi

Nianze na lenye aibu kabisa, tulimalize: nimewahi kutundika shanga za kiunoni, hizi wanazovaa wanawake chini ya nguo, dirishani kwa shangazi yangu Malindi, nikasema ni ua.

Kwanza ua lenyewe lilikuwepo kweli. Lilikaa dirishani sebuleni kwenye kopo la samli lililotundikwa kwa mnyororo, likashuka chini nyuzi nyuzi, na kila uzi una vijani vya mviringo, vinene, vimejaa maji, utadhani shanga za kijani. Shangazi alilipenda kuliko alivyonipenda mimi, na mimi kanilea mwenyewe.

Miaka ya themanini hiyo, mwanzo mwanzo, suruali za bugaluu ndiyo zinakufa. Shule niliiachia darasa la sita, au yenyewe iliniacha, nikawa fundi cherehani wa barazani. Nilikuwa nimempenda binti wa mtaa wa pili, na posa ilikuwa ipelekwe na shangazi. Mara binti wa shangazi mwenyewe akajifungua huko Kilifi, ikabidi shangazi aende akamwangalie mpaka arobaini. Mlangoni akanigeukia.

"Ua langu usilitie maji mpaka udongo ukauke kabisa. Nikirudi nikalikuta limekufa, posa utaipeleka mwenyewe."

Mtu apeleke posa yake mwenyewe! Afadhali nipite sokoni bila suruali.

Basi nikalihudumia. Hilo la udongo ukauke niliona ni uchoyo tu. Kwetu hata mgeni usiyempenda hupewa maji kwanza. Nikawa nalinywesha asubuhi, nalinywesha jioni, na nje masika inamwaga. Likawa laini, likawa manjano. Nikajua: kijicho! Jirani alilisifu bila kusema mashallah. Nikachukua chetezo, nikatia makaa na ubani, nikakiweka chini yake nilifukize vizuri, kama bibi harusi. Vijani vikaanza kudondoka, pu, pu, pu, zikabaki kamba tupu.

Nikavizoa kwenye beseni, nikavisukuma uvunguni. Kisha nikaenda sokoni kwa bibi mmoja muuza shanga.

"Shikamoo bibi. Nataka za kijani, nene nene."

"Marahaba. Za nani?"

"Za ua."

"Ee!" Akanitazama kichwani hadi kandambili. "Na hilo ua, mamake anajua?"

Nikazitunga kwa uzi wa cherehani, nikazitundika koponi penye zile kamba tupu. Siku shangazi aliporudi, akaingia na mgeni waliyekutana njiani. Mgeni mwenyewe ni mamake yule binti wa mtaa wa pili.

"Shoga, ua lako limenawiri, mashallah!" akasema yule mama, akanyoosha mkono. Ua likafanya chaka chaka. "Mbona linalia?" Uzi ukakatika, shanga zikatawanyika sakafuni. Akaokota moja, akaitazama. "Shoga. Hizi si za kiunoni?"

Shangazi akautupa mkoba. "Kiuno cha nani kimeingia nyumbani mwangu?"

Hapo nikaona ndoa inatoka mlangoni, viatu mkononi. Nikasema bora niitwe mjinga kuliko mhuni. Nikatoa yote: maji, kijicho, ubani. Nikaingia uvunguni nikavuta beseni iwe shahidi wangu. Na vile vijani nilivyovisahau, bila hata tone la maji, vilikuwa vimeota vizizi!

"Ukalifukiza?" akauliza mamake binti.

"Ndiyo, mama. Na ubani ulikuwa mzuri."

Akajiziba uso kwa leso, mabega yakatetemeka, mpaka akaketi chini palepale juu ya shanga.

"Shoga, wewe lete posa," akasema alipopata pumzi. "Mhuni simtaki. Mjinga atafundishwa, mwanangu ana subira."

Shangazi akanisonya msonyo mrefu, lakini posa akaipeleka.

Kesho yake barazani nikamsimulia rafiki yangu, fundi mwenzangu wa kutoka Jilore, aliyekuwa akikunja pindo la suruali. Nikangoja anipongeze. Akakata uzi kwa meno.

"Na zile shanga," akasema, "usizitupe. Mama watoto ana nyekundu tupu."