Mwanamke wa Ukuta wa Duka

Mchoraji alitoka Same mjini na rangi zake kwenye kreti. Mwenyekiti wa kijiji alitaka mwanamke mchapakazi achorwe kwenye ukuta wa duka letu la ujamaa, hapa Kisiwani. Nikateuliwa mimi, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa karibu na nilikuwa na jembe jipya. Nilisimama juani siku mbili, wanaume wakipita na kutazama, nimevaa gauni la mikono mirefu na khanga mbili.

Aliyetokea ukutani hakuwa na gauni. Alikuwa na khanga moja, nayo inaelekea kudondoka. Matiti, nyonga, paja moja lote nje. Uso hakuuchora. Aliweka kivuli cha kilemba, akasema wapita njia hawatauangalia uso.

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Nilipata ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Wanaume walihamishia benchi lao mbele ya ukuta ule. Nikienda kuchukua sukari, mmoja atasema, "Shemeji, leo umevaa sana!" na wenzake wanacheka. Mume wangu alikaa benchi hilo hilo. Naye alicheka. Nikaanza kumwagiza jirani sukari, halafu nikaacha kabisa kunywa chai. Nilichotaka ni kidogo tu: kwenda dukani na kurudi nikiwa mtu.

Siku moja ikatangazwa kwamba mgeni anakuja kutoka wilayani, na wanawake tukaamriwa kusiriba kuta, kama ilivyokuwa kila palipo na ugeni. Kazi hiyo ni yetu. Hakuna mwanamume anayeisimamia. Ukuta wa duka niliuomba mimi. Nilikanda udongo mwekundu na majivu, nikamsiriba kuanzia shingoni hadi magotini. Mikono na jembe nikaviacha. Palipokuwa na kivuli cha kilemba nikachora kwa mkaa macho mawili makubwa, yanatazama benchi.

Mwenyekiti alikuja, akasema udongo umekaa vizuri. Kesho yake benchi lilikuwa limehamia upande wa stoo. Jioni mume wangu akaniuliza kwa nini nimemkodolesha macho yule mama.

"Nilisimama pale siku mbili," nikamwambia. "Nilikuwa nawaona."

Mvua za vuli zikaosha udongo, paja likarudi. Nikachukua ndoo nikasiriba tena. Nilifanya hivyo kila mwaka mpaka duka lilipobomolewa, bila furaha na bila hasira, na kila nilipomaliza nilinawa mikono, nikaingia ndani kununua sukari.