Fotei ya mbele

Jumamosi tulikuwa kwenye uwanja wa kanisa moja huku Kimanga, tukifundishwa Katiba. Mwalimu alikuwa anasoma pale inaposema raia wote wako sawa mbele ya sheria, mama mmoja akafika kutoka Sange, miguu bado na vumbi la barabara. Akapita katikati yetu, akaketi kwenye fotei ya mbele, kiti cha wakubwa kilichotandikwa kitambaa cheupe.

Bwana wa protokole, mwenye kupanga wageni, akamwinamia. "Mama, hapa ni kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa."

"Miye niko nasikiliza mwalimu," mama akajibu bila kugeuka. "Amesema tuko sawa. Akibadilisha, nitatoka."

Mwalimu akakohoa kidogo. Hakubadilisha.

Shefu alipofika aliiangalia fotei yake, akacheka, akaja kukaa nasi kwenye benchi la nyuma. Tulimpigia makofi kwa unyenyekevu huo. Kisha, bila mtu kutuambia, benchi nzima tukasimama kumpisha, akabaki peke yake, mbao zote zake.

Mama akageuka, akatutazama tulivyosimama.

"Mwalimu," akasema, "rudilia ile ya kuwa sawa. Kule nyuma hawajasikia."