Ngozi ya Kabula na Mashine Iliyokaliwa na Birika

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya viumbe, nikaripoti kwenye maabara ya hospitali moja mjini Shinyanga nikiamini mji mzima ulikuwa umesimama kunisubiri. Mkuu wa Maabara, mzee mnene aliyekuwa akimenya karanga, aliitazama ile tai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ivue. Itaingia kwenye vikopo vya choo."

Hakukosea. Mwanzo wangu ulikuwa wa choo na makohozi, na sikuona aibu. Minyoo nayo ni viumbe. Kilichonikera kilikuwa pembeni mwa chumba: mikrotomu, yaani mashine ya kukatia vipande vya nyama vilivyoganda ndani ya nta, vyembamba mpaka mwanga unapita. Bila hiyo huioni tishu, maana yake seli zilivyoshikana kufanya ngozi, utumbo au ini. Juu ya mashine hiyo palikaa birika la chai.

Nilidai ifanye kazi. Nilidai kwa upole, kisha kwa ukali, kisha mbele ya mgeni wa wizara, na nadhani hapo ndipo nilipohamishwa. Mkuu aliniaga kwa moyo mweupe. "Huko Geita kuna wachimba dhahabu. Mtaelewana, maana nyote mnatafuta visivyoonekana. Na chuma chako kichukue."

Hospitali niliyopelekwa ilikuwa chini ya Mganga Mfawidhi, daktari mwenye mamlaka ya kila kitu pale, kuanzia wodi hadi kuni za jikoni. Aliongea huku akitembea, hivyo ukitaka jibu lake ilibidi ukimbie. Mimi aliniita Bwana Digrii.

Hapa naomba kueleza jambo, kwa sababu hasira yangu yote imesimama juu yake. Wengi tulifundishwa kwamba seli ya mnyama ni kifuko cha majimaji chenye kiini katikati. Upuuzi! Kifuko cha maji hakisimami. Jengeni nyumba ya udongo bila nguzo na fito muone. Seli ina kiunzi chake cha ndani: mirija midogo na nyuzi za protini, nyingine za kuvuta, nyingine za kuhimili. Kwenye ngozi nyuzi za kuhimili ni za keratini. Lakini hata nyumba yenye fito imara si mtaa. Seli zinafungwa pamoja na viungio. Vipo vinavyobana kama mshono, ndivyo vinavyozuia uchafu wa utumbo usivujie mwilini. Vipo vilivyo vijilango vya kupitishiana chumvi na habari. Na vipo vifungo madhubuti ambavyo nyuzi za keratini za seli hii hushikilia upande huu, na za jirani upande wa pili. Ukivuta ngozi ya mkono wako na isikubakie vidoleni, shukuru vifungo hivyo.

Sasa Kabula. Aliletwa kutoka kijiji kilicho karibu na machimbo, amelazwa kwenye baiskeli iliyosukumwa na mke mwenzake, Minza. Mgongo na kifua vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka na kuacha nyama mbichi. Mdomoni vidonda vitupu. Mfawidhi alipita kitandani bila kusimama.

"Maji ya moto," alisema. "Huyu aliyemleta ni nani?"

"Mke mwenza, mkuu," alijibu Sista Veronika, msimamizi wa wodi.

"Ahaa."

Ile "ahaa" ndiyo iliyomfunga Minza. Koplo wa kituo aliitwa, na jioni mama yule aliyesukuma baiskeli siku nzima alikuwa mahabusu, kwa kumwunguza mwenzake. Kabula alijaribu kukataa, lakini mdomo ule haukuweza kutoa maneno. Alitikisa kichwa. Wakasema anaogopa.

Niliomba kipande cha ngozi nikitazame. Mfawidhi alicheka, kisha akakata mwenyewe, na akakata pale wengi wanapokosea: katikati ya kidonda cha zamani, ambako ngozi imekwisha kutoka. Ni sawa na kuchunguza ukuta ulivyoanguka kwa kuikagua sakafu. Sikuona kitu.

"Basi," alisema. "Bwana Digrii ameshindwa, moto umeshinda."

Baada ya siku chache Sista Veronika, ambaye aliniita kwa jina la binti yangu, alinijia maabara, mikono kiunoni.

"Baba Lucia, Kabula ametoka malengelenge mapya. Mapajani."

"Mapya?"

"Kwani nasema Kizinza? Mapya! Minza yuko nyuma ya nondo, mimi nimekaa mlangoni. Hayo maji kamwaga malaika?"

Nilimkimbilia Mfawidhi uani. Alisema vidonda vya moto huenea. Nikasema haviendi kwa miguu kutoka mgongoni hadi mapajani. Akasema nikirudia atanipeleka mahali ambapo hata birika hakuna.

Nikarudia. Na Sista, Mungu ampe heri, akakata kipande kwenye ukingo wa lengelenge lililotoka asubuhi ile, mahali ambapo ngozi nzima inakutana na iliyoachana. Nikakiloweka kwenye fomalini ili kisioze, nikakikausha kwa spiriti, nikakizamisha kwenye nta, nikakikata, nikakilaza kwenye kioo, nikakitia rangi, zambarau kwa viini na waridi kwa vilivyobaki. Kazi hiyo haiharakishwi, na kila nilipopita kituoni nilimwona Minza kwenye sakafu ya saruji, akiuliza lile lile: "Amekula?"

Kwenye hadubini yote yalikuwa wazi. Ngozi iliyoungua seli zake hufa na kusinyaa. Hizi zilikuwa hai, nono, kila moja na kiunzi chake, ila zimeachana. Zilielea ndani ya lengelenge kama viazi kwenye sufuria, na safu ya chini peke yake imebaki imesimama wima. Vifungo vilikuwa vimekatika. Ugonjwa huo unaitwa pemfigasi: kinga ya mwili inawageukia wenyeji wake na kuvunja vifungo vinavyoishikilia ngozi. Hauletwi na maji, wala na wivu.

Nilimwita Mfawidhi, na Koplo naye. Mfawidhi aliinama kwenye hadubini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisimama mahali pamoja. Sista akamwambia, "Mkuu, twende ukasugue mgongo wa Kabula pale pazima." Alisugua kwa kidole. Ngozi isiyo na kidonda iliteleza chini ya kidole chake kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Koplo akauliza, "Sasa moto uko wapi, daktari?"

"Mwachie," alisema Mfawidhi, akaondoka.

Hakumwomba Minza radhi. Dawa ya prednisoloni, ya kuituliza kinga hiyo, aliiagiza, hilo nampa, na Kabula alipona kiasi cha kurudi nyumbani. Muda si mrefu Mfawidhi akapandishwa cheo. Mimi nimestaafu na bado najiuliza ni wangapi waliofungwa na "ahaa" za watu wasiosimama kitandani. Vijana mnaoingia maabara, mnaoletewa mashine mpya zinazong'aa, nawasihi: msiziwekee birika juu, na msikae kimya zikikaliwa.

Asubuhi ile Kabula aliporuhusiwa kuondoka, Minza alipita maabara kuniaga, baiskeli ikimsubiri nje na Kabula ameketi nyuma. Aliomba kuona kioo kilichomtoa mahabusu. Nikamwekea. Alifumba jicho moja, akatazama sana.

"Hivi viduara ni ngozi yake?"

"Ndiyo, mama. Vilipaswa kushikana."

"Vikaachana."

"Vikaachana."

Aliinua uso, akajifuta jicho kwa khanga.

"Na wao wakanikamata mimi," alisema, "niliyekuwa nimemshika."

Akatoka, akashika usukani wa baiskeli, akaisukuma.