Jina la Mumewe Kwenye Saraka

Nimebadilisha majina ya watu wengi kwenye kompyuta, lakini ni moja tu nililolibadilisha mara mbili.

Kazi yangu iko Greenbelt, huku ughaibuni, katika kampuni ndogo inayopeleka wahudumu kwenye nyumba za wazee. Natunza kompyuta zao, kazi ambayo sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe sebuleni kwa shangazi yangu kule Adelphi, kwa video na kompyuta iliyokwishatumika, na mpaka leo naogopa siku mtu atakaponiuliza cheti. Ndiyo maana kila ninachokigusa lazima kiwe safi. Amri naiandika kwanza kwenye karatasi, naisoma mara tatu, ndipo naichapa. Nikikosea herufi moja, naichana karatasi na kuanza upya.

Ijumaa moja mchana aliingia mhudumu wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Pemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nnakuletea kazi."

Akatoa kwenye mkoba karatasi ya mahakama ya Upper Marlboro, imewekwa ndani ya plastiki kama cheti cha shule. Kwao mwanamke akiolewa habadili jina. Anabaki na la baba yake mpaka kaburini. Lakini alipoolewa huku, aliyejaza fomu ni mumewe, na mahali pa jina la baba akajaza lake yeye.

"Nilikwenda kuolewa nikarudi sina baba," aliniambia, akacheka kidogo.

Mume huyo alimpiga kwa miaka. Sasa ameachika, na jaji amemrudishia jina lake. Leseni ilikwisha kubadilishwa, benki nayo tayari. Palipobaki ni kazini. Kila asubuhi, akifika mlangoni kwa mgonjwa, hufungua simu ya kampuni ili kuandikisha kwamba amefika, na simu humkaribisha kwa jina la yule mwanamume.

"Kila siku nnaanza naye. Nitolee humo, mwanangu. Lisisalie hata chembe."

Msimamizi wetu, Mkenya, alikuwa ameniagiza mambo ya seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, niyaache mpaka Jumatatu, siku anayokuja fundi wa mkataba. Lakini mama alikuwa amesimama mbele yangu na karatasi yake, na mimi nilitaka mtu mmoja duniani anione naweza.

Kampuni ina saraka, yaani daftari kuu la majina ndani ya seva. Kila mfanyakazi ana ukurasa wake, na jina lake ndiyo anwani ya ukurasa huo. Kulibadilisha ni amri moja kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri: unataja anwani ya zamani, unataja jina jipya, unaongeza alama ndogo inayofuta la zamani. Niliandika, nikasoma mara tatu, nikachapa. Sekunde moja. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta alione jina la baba yake. Alilisoma kwa sauti, yote matatu, lake, la baba na la babu, kisha akanibusu kipaji cha uso.

Jumamosi asubuhi alinipigia simu mara tatu. Nilikaa nikiitazama simu inavyotetemeka mezani. Nilijua. Mtu hapigi mara tatu ili kushukuru. Sikupokea.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wote. Kosa lilinichukua dakika nne kuliona. Nilibadilisha ukurasa wake, lakini orodha ya wahudumu wanaoruhusiwa kufungua zamu ni kitu kingine, nayo ilikuwa bado inamtaja kwa anwani ya zamani. Yule wa zamani hayupo tena. Huyu mpya hajaandikwa, basi simu haimfungulii. Kwenye seva yangu ya mazoezi pale sebuleni nilikuwa na watu wawili wa kubuni, na sikuwahi kuwaweka kwenye orodha yoyote. Ndivyo nilivyojifunza.

Kurekebisha kulihitaji mistari miwili. Lakini fundi wa mkataba husoma mabadiliko yote, na angeona: huyu mtoto aligusa Ijumaa bila ruhusa, akasahau, akaja kuziba Jumatatu. Vidole vilikuwa juu ya vibonye msimamizi alipoingia.

"Mama yako wa Pemba ameacha mgonjwa Saturday," alisema. "System inaonyesha hakufika kabisa."

"Yeye anasemaje?"

"Ati alikuwa huko mpaka saa saba, amemwogesha, amemlisha uji. Si wote husema hivyo? Na yule mgonjwa hakumbuki hata jina lake. Pengine mama alikuwa bado anasherehekea talaka. Hawa watu wa visiwani, wakishachoma udi hawaoni saa." Akacheka, kisha akanikazia macho. "Wewe niambie kitu moja tu. System iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Akamwandikia barua ya onyo. Akirudia, kazi hana.

Mama alifika saa tano, barua mkononi. Hakunilaumu kwa zile simu. Alidhani nilikuwa nimelala.

"Nilibonyeza mpaka kidole kikauma," alisema. "Ikinambia hainijui. Kuna nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, mara tatu, kama amri.

"Mfumo umelikataa jina jipya, mama."

"Umelikataa? La baba yangu?"

"Ndiyo."

Akaitazama ile karatasi yenye plastiki kama vile jaji ndiye aliyemdanganya.

"La yule lilikuwa linakubali."

"Lilikuwa linakubali."

Msimamizi alifika mlangoni na kikombe chake, akayadaka hayo ya mwisho tu. "Aunty, hata computer inajua bwana ni nani," akasema, na akatuacha akicheka.

Mama aliifuta plastiki kwa ncha ya mtandio.

"Nirudishie lake basi," alisema. "Miye siwezi kukosa kazi."

Nilimpa fomu ajaze kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeomba. Alitia saini polepole, kwa jina ambalo alikuwa amelipeleka mpaka mahakamani ili aliache. Nikachapa amri ileile, kinyume. Kwa kuwa orodha ilikuwa haijawahi kumsahau yule wa zamani, simu ilifunguka papo hapo, ikamkaribisha.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu akuzidishie elimu, mwanangu."

Aliondoka mbio, alikuwa na mgonjwa saa sita. Nilichukua daftari la kazi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: jina limebadilishwa na kurudishwa, yote kwa ombi la mfanyakazi, hakuna hitilafu. Fundi alipokuja mchana alilisoma, akaniinulia dole gumba.